Mbao Nilizokuambia ni Kavu

Dongobesh, jioni

Mwanangu Vero,

Shuleni mlifundishwa kwamba barua ianze na salamu na hali ya nyumbani. Hali ya nyumbani unaijua. Uko chumba cha pili unakunja nguo na mama yako, na hapa nilipo nawasikia mkibishana kama lile blanketi zito liende au libaki. Liende. Hilo ndilo agizo langu pekee la safari. Mengine yote, ya kula, ya kulala, ya kuchagua marafiki, mama yako ameshayasema mara tatu tangu Jumapili na kesho kituoni atayarudia, na anayajua kuliko mimi.

Mimi nina neno moja tu, na ni la aibu. Unaondoka kesho kwenda Arusha kusomea mapokezi ya hoteli kwa sababu unaamini kichwa chako hakiwezi hesabu. Umelisema hilo mbele yangu zaidi ya mara moja, na mimi nikanyamaza. Si kweli, Vero. Nilijua si kweli tangu mwanzo. Aliyekufanya uamini hivyo ni mimi baba yako, kwanza kwa mikono yangu, kisha kwa mdomo wangu.

Naandika kwa sababu kusema kumenishinda. Jumatatu nilikuita karakana nikuambie. Ukaja, ukasimama mlangoni unasubiri, nami nikakuuliza kama umeiona randa yangu ndogo. Nilikuwa nimeishika. Ukacheka, ukasema, "Baba, unazeeka," ukarudi kuchambua maharage. Nilikaa juu ya benchi nikajiona mjinga wa mwisho.

Acha nianze na zile printa mbili, maana hapo ndipo nilipoanza kukukosea, ingawa mwanzoni lilikuwa kosa dogo la kucheka.

Zilikuwa zimekufa, mwenye duka la kupiga chapa pale stendi alikuwa anataka kuzitupa, ukazibeba kwa gunia hadi karakana kwangu. Siku hiyo nilikuwa na wateja watatu. Nikawaambia, "Mnamwona binti yangu? Wenzake wanafuga kuku, yeye anafuga printa." Tukacheka wote. Wewe ulitafuta bisibisi. Ulikaa chini ukazifungua skrubu moja moja, ukatoa fimbo za chuma zinazong'aa, mota ndogo nne na mikanda yenye meno, ukavipanga juu ya gazeti kwa mstari ulionyooka. Nikaona jinsi ulivyovipanga. Mimi nimefundisha vijana wengi kazi, na kijana anayepanga vifaa namna hiyo hana haja ya kufundishwa sana. Niliona, na bado nikaendelea kucheka.

Ulinieleza pia, nami nikajifanya nachonga. Ulisema unataka kutengeneza mashine inayokata kwa mwanga. Kwamba mwanga wenyewe, leza, unatoka kwenye kichwa kidogo kinachotoshea kiganjani, na kichwa hicho kinabebwa na kigari kinachotembea juu ya zile fimbo, mota moja ikikipeleka kushoto na kulia, nyingine mbele na nyuma, na kompyuta ndiyo inayoamuru. Kwamba ukichora ua kwenye kompyuta, mashine inalikata lile ua kwenye plaiwudi nyembamba, au kwenye ngozi, bila msumeno wala patasi. Nikauliza kwa nini usinunue iliyo tayari. Ukasema, "Ya dukani inazidi karakana yetu yote na nyumba juu yake. Hii nitaijenga kwa vilivyotupwa." Na kweli ulijenga. Feni ya kutolea moshi ulitoa kwenye kompyuta mbovu ya shule. Kile kichwa cha leza ndicho kitu kikubwa pekee ulichonunua, kwa vitunguu saumu vya msimu mzima ulivyolima kwenye kipande cha mama yako, kikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam kimefungwa kwenye boksi la viatu pamoja na miwani ya kijani. Siku uliyokiwasha mara ya kwanza nilisogea nichungulie, ukanizuia kwa mkono. "Hata kama ni wewe baba, bila miwani hutazami." Hakuna mtu aliyewahi kunipa amri ndani ya karakana yangu tangu nilipoifungua. Nilivaa miwani, nikaona kitone cha buluu kikichoma mstari mwembamba kuliko uzi, na moyoni sikufurahi kama mzazi anavyopaswa kufurahi.

Hilo nitalirudia. Kwanza mbao.

Kitu kimoja tu uliniomba katika kazi nzima, fremu. Ulisema fimbo za chuma zitakaa juu ya fremu ya mbao, kwa hiyo mbao zisitikisike. Nikakupa vipande vinne vya mtarakwa, vizuri, nikakuambia vikauke kabisa kwanza, maana kwenye baridi yetu hii na ukungu huu mbao haiharakishwi. Ukavipandisha darini juu ya jiko, ukaviwekea vijiti katikati hewa ipite, na kila Jumapili ukitoka kanisani unapanda kuvigeuza. Miezi minane. Uliandika jina lako kwa penseli kwenye kila kipande ili nisije nikasahau nikavitumia.

Sikusahau. Nilivitumia huku nikilisoma jina lako.

Ulikuwa umekwenda Maretadu kwa bibi yako kuvuna maharage. Akaja yule mzee mfugaji wa Gehandu, yule mrefu mwenye shuka nyekundu, ambaye nilikuwa nimemwahidi fremu ya mlango kwa nyumba yake ya kwanza ya bati. Alikuwa amekuja mara mbili nikampiga kalenda. Mara hii hakukaa. Alisimama na fimbo yake mlangoni, watu wakisikia, akasema, "Wewe fundi, mimi nimeacha ng'ombe nimekuja. Mara ya tatu hii. Kama wewe ni mwongo sema tu, mimi nitaambia watu wa kwetu kwamba Dongobesh hakuna fundi, iko mwongo mwenye randa." Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia arudi kesho kutwa, mlango wake utakuwa tayari. Mbao kavu karakana sikuwa nayo hata moja. Nikapanda darini.

Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba mbao bado. Angenitukana akaenda zake, nami ningelala. Lakini mafundi tumezoea kusema kesho, na ile aibu ya kuitwa mwongo hadharani niliiogopa kuliko aibu ya kuwa mwongo kwako gizani. Niliweka mtarakwa wako kwenye benchi nikapitisha randa, jina lako likatoka pamoja na maranda. Mzee alipokuja akagonga mlango wake kwa vidole, akasikiliza, akasema, "Sasa hii ndiyo mbao." Alikuwa na haki ya kusifu. Ulikuwa umeikausha wewe.

Uliporudi nilikuwa nimeshaweka vipande vingine vinne mahali pake. Vilikuwa vya msindano, mti uliokatwa mvua zikiwa hazijaisha, mbao mbichi kiasi kwamba ukizikandamiza kucha inaacha alama yenye maji. Nilizisimamisha karibu na moto siku nzima ili uso wake ukauke. Nikazipiga randa, nikazipiga msasa mpaka zikawa laini. Ulipouliza, nikasema, "Zile za mtarakwa zilikuwa na mafundo, zingekusumbua. Nimekubadilishia. Hizi ni kavu, nimezipima mwenyewe." Ukazishika, ukasema zina uzito kidogo. Nikasema msindano ndivyo ulivyo. Ukasema, "Asante, baba."

Wahenga wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mbao mbichi haingoji kukunjwa, inajikunja yenyewe. Hilo hata kijana wa wiki ya pili karakana analijua. Nilikuungia fremu, ukafunga fimbo zako juu yake, ukapima, kila kitu kikawa sawa kwa milimita. Baada ya wiki mbili fremu ikaanza kukauka na kujipinda, fimbo zikaacha kuwa sambamba, kigari kikawa kinabanwa mahali fulani katikati ya safari, na kila kikibanwa mota, inayozunguka kwa hatua ndogondogo, inapoteza hatua. Ukiiamuru ikate duara, inakata yai. Na yai lenyewe halifungi, mwanzo na mwisho vinapishana.

Wewe ungejuaje? Uliambiwa fremu ni kavu na fundi mbao mwenye miaka ishirini kazini, tena baba yako. Kilichobaki cha kulaumu kilikuwa hesabu zako. Ukakaa jikoni na daftari, jioni baada ya jioni, unapiga upya hatua ngapi za mota zinafanya milimita moja. Unabadilisha namba, asubuhi mashine inakubali, mchana jua likipiga bati inakataa. Unabadilisha tena. Nilikuwa nakula ugali wangu nikikuona unafuta, unaandika, unafuta mpaka karatasi inatoboka. Mama yako akaniambia, "Si umsaidie mtoto?" Nikamjibu, "Mambo ya kompyuta hayo, mimi nayajulia wapi?" Jibu zuri, na la mnyenyekevu. Nimegundua kwamba uongo wangu mbaya zaidi huwa una sura ya unyenyekevu.

Siku moja ulipokuwa shuleni niliinama nikaitazama fremu. Pembe moja ilikuwa imeinuka kiasi cha kupitisha kipande cha katoni chini yake. Basi nikapitisha. Nilikata kabari ndogo ya katoni nikaichomeka pale, nikaenda zangu. Jioni yake ulikata duara likafunga, ukapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua. Uliruka ruka na mama yako. Nami nilifurahi, kweli, nikadhani nimelipa. Baada ya siku nne mbao ikasogea tena, yai likarudi, na hapo ndipo nilipokuona unaanza kukata tamaa. Maana sasa ilionekana kwamba hata ukipatia, unapatia kwa bahati. Ule msaada wangu wa kujificha ulikuumiza kuliko kama nisingegusa kitu.

Nafika siku ile ya ukumbi wa kanisa. Ningependa kuiruka.

Walimu wa chuo cha ufundi walikuja kuona kazi za vijana, na kila mtu alikuambia kwamba wakiipenda watakupa nafasi. Tuliipeleka mashine kwa pikapu tangu jana yake, ikalala kwenye baraza ya ukumbi, katika ukungu, asubuhi jua kali likaipiga. Sikusema kitu. Ulisimama na sare yako iliyopigwa pasi, ukawagawia watu miwani, ukaeleza kila kifaa kilikotoka mpaka nikasikia wazee nyuma yangu wakiguna kwa kustaajabu. Kisha ukawasha. Kigari kikaenda vizuri mpaka nusu ya duara, kikakwama, kikalia kama meno yanayosagana, kikaendelea. Ulipoinua kile kipande, mwanzo na mwisho vilikuwa vimeachana kwa upana wa kidole. Vijana wa nyuma wakacheka.

Yule mwalimu mwanamama, mwenye sauti ya chini, hakucheka. Alikuuliza, "Unadhani tatizo ni nini?" Ukasema, "Nimekosea hesabu za hatua." Akainama akaitazama mashine kwa upande. Halafu akanigeukia mimi. Nakumbuka kila neno, na najua nawe unakumbuka.

"Baba, wewe nimeambiwa ni fundi mbao. Hii fremu iko sawa?"

Alikuwa ameona, Vero. Alikuwa ananifungulia mlango nipite. Nikasema, "Fremu nimeitengeneza mimi, haina shida. Huyu mtoto ndiye hesabu zinampa taabu, tangu zamani."

Tangu zamani! Wewe uliyekuwa unanipigia hesabu za mbao za vitanda ukiwa darasa la tano. Watu wakacheka tena, nami nikacheka nao kidogo, kile kicheko cha mzazi anayeomba radhi kwa ajili ya mtoto wake. Uliniangalia. Hukukasirika, na hilo ndilo linalonirudia kila nikiinua nyundo. Uliniangalia kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa akiliogopa.

Tulirudi nyumbani. Ulifunika mashine kwa gunia, ukaisukuma kwenye kona ya karakana, na baada ya mwezi ukaja na fomu ya kozi ya hoteli nisaini. Siidharau kazi hiyo. Mtu anayepokea wageni kwa heshima anafanya kazi ya watu. Lakini hukuichagua kwa kuipenda. Ulisema, "Huko hakuna hesabu nyingi," nami nikachukua kalamu nikasaini.

Kuna jambo jingine hujalijua kabisa. Siku ile, ulipokuwa unafunga nyaya, yule mwalimu alinifuata nje. Akaniambia, "Mashine ya binti yako ina akili. Kagueni fremu. Akiirekebisha mleteni chuoni, hata mwaka ujao, mwambie mlango haujafungwa." Nikasema nitamwambia. Sikukuambia, kwa sababu ningekuambia ukague fremu.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza hilo tangu siku ile, na majibu mengi niliyopata yalikuwa ya kujitetea. Nilianza na yule mzee wa Gehandu, kwamba alinidhalilisha. Nikaja kwenye shughuli nyingi, kwamba zilinizonga. Lililobaki chini kabisa ni hili: nilikuonea wivu. Baba mzima, nikamwonea wivu binti yangu. Watu walianza kuja karakana wakipita vitanda vyangu bila kuvitazama, wakiuliza, "Ile mashine ya Vero iko wapi?" Mimi niliishia darasa la saba na hesabu ndizo zilizonifukuza. Mikono hii ndiyo iliyonifanya niitwe fundi, nikasalimiwa kwa heshima. Halafu ukaja wewe na takataka za printa na kitone cha mwanga kinachokata kwa dakika moja ua ambalo ningelichonga kutwa. Ulipoanza kushindwa, sehemu moja ya moyo wangu ilipumua. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili. Sasa naiacha ikae.

Yule fundi aliyenifundisha kazi, marehemu sasa, aliwahi kumfungia mtu dirisha la mbao mbichi bila kujua. Alipojua, alitembea na ngazi begani hadi kwa yule mtu, akaling'oa mwenyewe, akasema mbele ya wake na watoto wa mwenye nyumba, "Nilikudanganya bila kukusudia, naanza upya." Mimi kijana wake nilishika ngazi nikiona haya kwa niaba yake. Nilijiapiza kwamba mimi sitajishusha hivyo kamwe. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilielewa kinyume kabisa, na nimeendelea kuelewa kinyume mpaka nywele zimeanza mvi.

Sasa nikuambie nilichofanya wiki iliyopita, ulipokwenda Mbulu mjini na mama yako kununua viatu.

Niliondoa gunia. Nikaitoa fremu ya msindano, nikailaza kwenye benchi, ilicheza kama meza ya kilabuni. Nikatafuta mbao kavu ya kuaminika, nikaikosa, mpaka macho yakaangukia kabati letu la harusi. Milango yake ni mtarakwa uliokaa ndani ya nyumba tangu kabla hujazaliwa. Mama yako aliporudi akakuta nguo zake ziko nje mchana kweupe, akaniuliza kama nimeingiwa na kichaa. Nikasema milango ililiwa na mchwa. Huo nao ni uongo, uongeze kwenye hesabu, atausikia kesho.

Nikatengeneza fremu mpya, nikafunga fimbo zako palepale kwenye alama zako. Kuwasha sijui, basi nikamwita mwalimu wako wa fizikia. Akauliza atumie namba zipi. Nikamletea lile daftari. Tulilifungua pamoja. Kurasa za mwisho zimejaa namba juu ya namba, na kwenye jalada la ndani umeandika kwa herufi kubwa: HESABU SI ZANGU. Mwalimu alisoma, akaniangalia, akarudi hadi ukurasa wa kwanza kabisa, zile namba ulizozipiga kabla ya yote, kabla hujaanza kuzirekebisha. Akaziingiza hizo. Tukavaa miwani.

Duara lilifunga. Tukakata la pili, likafunga. Tukakata kumi, tukayapanga moja juu ya jingine kama sarafu, hayakupishana hata kwa unene wa unywele. Mwalimu akavua miwani akasema, "Mzee, huyu mtoto hakukosea popote. Alipatia siku ya kwanza." Kisha akaniuliza fremu ya zamani ilikuwa na nini, nikamwambia yote, ni mtu wa kwanza kuyasikia. Akazima mashine. Akasema, "Mimi nikimwambia nitakuwa nimekusaidia wewe kukwepa. Mwambie mwenyewe kabla hajapanda basi." Ameshaongea na chuo cha ufundi. Wanapokea tena mwanzoni mwa muhula, na chuo kiko Arusha hukohuko uendako. Yule mwanamama anakukumbuka. Sikuchagulii. Ukitaka hoteli, nenda hoteli kwa kupenda, lakini usiende kwa kukimbia kosa ambalo si lako.

Ushauri sina mwingi, na baba wa namna hii angefanya vizuri kunyamaza. Lakini nilichokipata kwa gharama yako, bora nikurudishie. Kitu kikikataa kufanya kazi, kabla hujajilaumu, kagua na kile ulichopewa na mtu unayemwamini. Kagua hata nilichokupa mimi. Ulisema zile mbao zina uzito. Mkono wako ulijua, ukaukatalia kwa sababu baba amesema. Siku nyingine mkono ukikuambia, usikilize, baba atajitetea mwenyewe.

Imebaki kesho. Bibi yako amekuja kutoka Maretadu, na unajua kilichomleta. Asubuhi atataka nichukue maziwa mdomoni nikupulizie kifuani na kukutamkia baraka ya safari kabla hatujasali. Na unajua sharti lake, mzazi mwenye neno alilomficha msafiri hapaswi kubariki. Leo mchana aliniuliza jikoni, "Kuna kitu kati yako na mtoto?" Nikamwambia mama yangu mzazi, hakuna. Alinitazama tu, akaendelea kusafisha kibuyu cha maziwa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuichomeka barua hii chini kabisa ya begi lako, uikute ukiwa mbali, mimi nikiwa salama hapa na milima kati yetu. Nimeona hiyo ingekuwa kabari nyingine ya katoni. Kwa hiyo nitakupa mkononi, kesho saa kumi na moja alfajiri, chai ikiwa mezani na maziwa hayajamiminwa. Isome hapohapo. Isome kwa sauti ukitaka, mama yako na bibi yako nao wana haki ya kusikia. Basi likituacha, lituache, kuna la kesho kutwa. Sitatoka nje kwa kisingizio cha kuangalia ng'ombe. Nitakaa mbele yako mpaka neno la mwisho, kisha wewe ndiye utakayesema kama nikubariki au bibi yako afanye peke yake.

Shikamoo ya kesho asubuhi utanipa kama kawaida yako, kwa kuwa utakuwa hujasoma bado, nami nitaitikia nikijua siistahili. Zitakazofuata sitazidai.

Baba yako